Simu ilivyomfungia Penina milango ya viwanda vya alizeti

Saa nne asubuhi mjini Chemba, upepo unapita katikati ya magunia ya alizeti yaliyopangwa nje ya kiwanda kidogo cha kukamua mafuta, ukirusha makapi hadi barabarani. Ndani, Penina Mazengo amesimama mbele ya mashine, kitambaa kichwani, koti lake la bluu limelowa mafuta mikononi. Anasogeza kiganja karibu na chuma bila kukigusa.

“Bado,” anasema. “Ukiilisha alizeti mashine ikiwa ya baridi, mafuta yanaondoka na mashudu. Lazima uisubiri.”

Mashudu ni mabaki makavu ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa. Wafugaji wa huku huyanunua kwa ajili ya ng'ombe wao, na wawili kati yao wamekwisha kufika na mkokoteni wa punda.

Mkulima mmoja mzee anapaza sauti kutoka mlangoni. “Fundi, mimi nimetoka mbali!”

“Shikamoo baba. Keti kidogo, zamu yako inakuja.”

“Marahaba. Ila usinisahau.”

“Nikusahau wewe na magunia yote hayo?”

Mzee anacheka na kukaa juu ya gunia lake. Penina anavuta swichi. Mkanda unaanza kuzunguka ndani ya kifuniko chake cha bati, na baada ya muda mafuta ya kwanza, mazito na ya rangi ya dhahabu iliyochafuka, yanachuruzika kwenye beseni.

Anayemwona Penina leo akiamuru mashine na watu kwa utulivu huo hawezi kudhani kwamba kwa karibu mwaka mzima hakuna kiwanda kilichotaka kumpokea. Si kwa sababu hakujua kazi. Kila alikokwenda, mwenye kiwanda alichukua simu, akampigia bosi wake wa zamani, na baada ya simu hiyo mambo yakaisha.

“Nilikuwa naingia naitwa fundi, natoka hata kuagwa siagwi,” anamweleza mwandishi wa makala haya. “Na hakuna aliyeniambia kwa nini.”

Penina, mwenye umri wa miaka 38 na mama wa watoto watatu, alizaliwa kijiji cha jirani na Kibaigwa, mji wa soko kubwa la mahindi kwenye barabara ya Dar es Salaam. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipomaliza darasa la saba alikwenda kufagia kwenye kiwanda cha alizeti cha mama mmoja mjane anayeitwa Emilia.

Emilia alikuwa ameachiwa na marehemu mumewe mashine moja chakavu na madeni. Aliifufua mwenyewe, akajifunza kuifungua na kuifunga, kisha akamfundisha yule binti mfagiaji.

“Alinishika mkono huu hapa,” Penina anasema, akiinua mkono wa kulia. “Akauweka kwenye spana. Akaniambia, mwanangu, ukijua kitu hiki hutaolewa kwa njaa. Nilimwita mama, na hakuwa mama wa mdomoni. Harusi yangu alisimama upande wa wazazi wangu.”

Penina alikaa pale zaidi ya miaka kumi na mitano, akapanda kutoka kufagia hadi kuwa fundi mkuu wa mashine zilizokuwa zimefika tatu. Mkataba wake ulikuwa wa msimu, ukiandikwa upya kila mavuno yalipoanza kuingia. Hakuwahi kufikiri kwamba iko siku hautaandikwa.

Siku hiyo ilianza kuja pale kifuniko cha mkanda wa mashine ya pili kilipovunjika.

Kifuniko hicho ni bati la kawaida tu, kazi yake ni kuuzuia mkono wa mtu usifike kwenye mkanda unaozunguka. Kilipovunjika kiliondolewa, na mashine ikaendelea kufanya kazi ikiwa wazi. Ilikuwa katikati ya msimu, malori yamejipanga.

“Nilimwambia mama, hiki kitu kirudi,” Penina anakumbuka. “Akasema, tumalize huu mzigo kwanza. Nikamwambia tena. Akasema, Penina, wewe ndiye utakayewalipa wakulima hawa wakihamia kwa jirani? Nikanyamaza, nikawa nawaambia wenzangu wakae mbali nayo.”

Mwenzake mmoja, Obedi, aliteleza kwenye sakafu yenye mafuta na kunyoosha mkono ajishike. Mkanda uliondoka na vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

Obedi, ambaye sasa analinda ghala la mahindi Kibaigwa, hapendi kusimulia siku ile. Anasema jambo moja tu. “Penina ndiye aliyezima mashine. Wengine walikimbia, na mimi siwalaumu.”

Maofisa wanaoshughulikia ajali kazini walifika baada ya wiki chache ili suala la fidia ya Obedi lishughulikiwe. Waliwahoji wafanyakazi mmoja mmoja. Wengi walisema hawakuona. Penina aliulizwa kama mkanda ulikuwa na kifuniko, akajibu kwamba haukuwa nacho. Akaulizwa kama mwenye kiwanda alikuwa anajua, akajibu kwamba alikuwa anajua.

“Nilitoka pale nikamkuta mama amesimama uani,” anasema. “Aliniuliza, umewaambia nini? Nikamwambia, nimewaambia ilivyokuwa. Aliingia ndani, na tangu siku ile hakuniita tena mwanangu.”

Kiwanda kilitozwa faini na kufungwa kwa muda. Kilipofunguliwa, wenzake wote waliitwa kuandika mikataba ya msimu mpya. Yeye hakuitwa. Alikwenda mwenyewe, akaambiwa na karani kwamba nafasi yake imejaa.

Hakugomba. Aliona ni haki ya mwenye mali kuchagua wa kufanya naye kazi. “Na mimi nilijua nina ufundi,” anasema. “Nilijiambia, Kibaigwa viwanda havihesabiki. Sitalala njaa.”

Kiwanda cha kwanza alichoomba walimfurahia, wakamwambia aje kesho. Kesho yake wakamwambia mashine imeharibika, ilhali alikuwa anaisikia ikinguruma. Cha pili walimfanyisha kazi siku mbili, siku ya tatu mlinzi akaambiwa asimfungulie geti. Akaenda Kongwa. Akaenda Dodoma mjini. Kila mahali ilikuwa hivyo hivyo, maneno mazuri asubuhi, jioni watu wanaangalia pembeni.

Akaanza kupika uji na maandazi kwa ajili ya wapakiaji wa magunia sokoni Kibaigwa. Siku nzuri alibaki na shilingi elfu nne, kwa mtu aliyezoea mshahara wa fundi. Mumewe, Gerson, mkulima, aliuza mbuzi ili mtoto wao wa kwanza asirudishwe shule.

Lakini lililomuuma zaidi lilitokea kanisani. Penina alikuwa mhazini wa kikundi cha akina mama. Jumapili moja mwenyekiti alimvuta pembeni baada ya ibada.

“Akaniambia, dada Penina, tumeona tukupumzishe kidogo na hizi hela. Nikamuuliza, kwani nimesema nimechoka? Akasema, hapana, ni kukupumzisha tu.” Penina anafuta mikono yake kwenye koti. “Hapo ndipo nilipojua kuna neno linatembea. Nyumbani nililia mpaka Gerson akaogopa.”

Neno lenyewe alilisikia Chemba, umbali mrefu kutoka kwao, kwa mtu asiyemfahamu kabisa.

Mzee Abdulwahab, mfanyabiashara wa Kirangi kutoka Kondoa, alikuwa amefungua kiwanda hiki na alikuwa anatafuta fundi. Penina alikuja na nguo zake kwenye mfuko wa rambo, akaomba ajaribiwe. Siku ya kwanza alisimamisha mashine mara mbili kwa sababu boliti moja ilikuwa inalegea, akakataa kuiwasha hadi boliti mpya iletwe kutoka dukani. Wakulima walinung'unika. Mzee alitazama tu.

Jioni yake alimwita ofisini, akamwambia akae.

“Nimempigia bosi wako wa zamani,” mzee alimwambia.

“Sawa, mzee.”

“Huniulizi amesema nini?”

“Nimeuliza watu wengi, mzee. Hakuna anayeniambia.”

Mzee Abdulwahab, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini, analikumbuka vizuri jibu hilo. “Nilikuwa nimekwisha kuamua kumwambia nafasi imejaa, kama wenzangu. Lakini alivyonijibu vile, niliona aibu. Nikamwambia ukweli. Amesema wewe ni mwizi wa mafuta, na ni mchochezi wa wafanyakazi.”

Penina anakumbuka kwamba alishika ukingo wa meza. “Hilo la mchochezi nililielewa lilikotoka. Lakini wizi? Mimi ndiye niliyekuwa nalala na funguo za ghala lake!”

Mzee hakumfukuza, wala hakumwajiri. Alimwambia, “Mimi na huyo mama tunauziana mashudu. Siwezi kukuchukua na neno kama hili juu yako. Nenda kalimalize, kisha urudi.”

Kulimaliza vipi? Gerson alitaka waende moja kwa moja kwa Emilia wakamtolee maneno. Obedi alisema waende polisi. Ni mpangaji mwenzao aliyewaelekeza Majengo, jijini Dodoma, kwenye ofisi ya wasaidizi wa kisheria iliyopo juu ya duka la nafaka. Hapo walimkuta dada anayeitwa Nasra.

Wasaidizi wa kisheria si mawakili. Ni watu waliopata mafunzo ya sheria na wanaotambuliwa kisheria kuwapa wananchi elimu na msaada bila malipo. Nasra amefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na anasema kesi kama ya Penina huja ofisini kwake mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa wapishi wa nyumba za wageni, madereva na wasichana wa kazi za ndani.

“Wengi wanadhani mwajiri akishakuacha, anaweza kukusema apendavyo kwa sababu simu ni yake,” Nasra anasema. “Si hivyo. Ila na mfanyakazi naye asidhani kwamba kila neno baya ni kosa. Mwajiri akisema ukweli, au akisema kwa nia njema anachokiamini pale alipoulizwa, sheria inaweza kumlinda. Kinachoangaliwa ni kama maneno ni ya uongo, kama yalisemwa kwa mtu mwingine, na kama yamekuumiza.”

Alimkalisha Penina, akamweleza njia alizokuwa nazo.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, na Penina hakuwahi kuisikia. Mfanyakazi anapoondoka kazini ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, kinachoonyesha alifanya kazi gani na kwa muda gani. Haijalishi waliachana kwa wema au kwa ugomvi. Mwajiri akikataa, suala hilo linaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Kuhusu kuachwa kwenye mkataba mpya, Nasra alimwambia kwamba sheria haikubali mtu aachishwe kazi kwa sababu ametoa taarifa ambayo sheria inamtaka aitoe. Shauri la kuachishwa, hata hivyo, hufunguliwa katika Tume ndani ya siku thelathini, na muda huo ulikuwa umepita zamani. Angeweza kuomba aongezewe muda, kwa kutoa sababu ya msingi ya kuchelewa.

Kisha ikabaki kashfa. “Nilimwambia, hili la kuitwa mwizi tunaweza kulipeleka mahakamani kama madai,” Nasra anasema. “Ila kwanza tumwandikie, tumtake ayafute maneno yake. Na nikamwambia tutahitaji wakili kwa hatua hiyo, na tutahitaji shahidi. Si aliyesikia kwa jirani. Aliyeambiwa mwenyewe.”

Shahidi alikuwa mmoja tu aliyejulikana, naye alikuwa Chemba.

Nasra alimpigia simu mzee Abdulwahab. Leo mzee anacheka kidogo akisimulia, kicheko cha mtu anayejionea haya. “Nilimwambia sikumbuki vizuri yule mama alisema nini. Basi yule binti akaniuliza, mzee, hukumbuki au hutaki? Nikakata simu.”

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya nyumbani kwa Penina. Gerson alianza kusema waache, kwamba mnyonge hamshindi mwenye nacho. Siku moja Penina mwenyewe alifika hadi kwenye mlango wa kiwanda cha Emilia akiwa na nia ya kupiga magoti na kuomba radhi, ili tu arudishiwe kazi.

“Nilisimama pale nikajiuliza, nitasema nisamehe kwa lipi? Kwamba Obedi hana vidole na mimi nimesema hana? Nikageuka.”

Mzee Abdulwahab anasema hakupata amani. Alijaribu fundi mwingine, mwanamume aliyesifiwa sana. Siku ya pili fundi huyo alikuwa anafungua kifuniko cha mkanda ili aitie mashine mafuta ikiwa inazunguka. “Nikamwambia funga, ondoka. Na nikamkumbuka yule mama wa boliti. Nikasema moyoni, huyu ndiye mchochezi ninayemhitaji.”

Alimpigia Nasra mwenyewe. “Nakumbuka,” alimwambia. “Nakumbuka neno kwa neno. Niambie nije lini.”

Barua ilikwenda kwa Emilia, ikimwita kwenye mazungumzo Majengo kabla ya hatua nyingine. Ya kwanza hakuijibu. Ya pili ilipotaja kwamba yupo shahidi, alikuja.

Alikuja peke yake, bila wakili wala mzee wa kanisa, amevaa kitenge kipya na viatu vilivyojaa vumbi la stendi. Penina alikuwa amekwisha kukaa, Nasra na mzee Abdulwahab wakiwa upande wa pili wa meza. Emilia aliwasalimia wote, akaishia kwa Penina, akamwambia kwa Kigogo, “Mbukwa.” Penina akaitikia. Kelele za wauza nafaka zilikuwa zinapanda kutoka chini.

Nasra ndiye aliyeanza. “Mama, inasemekana unawaambia watu kwamba Penina alikuibia mafuta.”

“Nani anasema?”

“Mimi, mama,” mzee Abdulwahab alisema kwa sauti ya chini. “Uliniambia mimi kwenye simu. Nisamehe, lakini uliniambia.”

Emilia alimtazama mfanyabiashara mwenzake kwa muda. “Mafuta yalipotea kweli. Madumu kadhaa. Mwulizeni.”

“Yalipotea,” Penina alisema. “Na mimi ndiye niliyekuja kukuambia kwamba yamepotea.”

“Ulimpa onyo?” Nasra aliuliza. “Uliripoti polisi? Kuna siku ulimwita ukamwambia, Penina, nakushuku?”

Kwa maelezo ya wote waliokuwapo, ni hapo Emilia alipogeuka na kumwangalia Penina usoni kwa mara ya kwanza, na maneno yakamtoka kwa kishindo.

“Uliniuza, Penina. Nimekuokota unafagia, nikakupa mikono yangu hii. Watu wote wale walisema hawakuona, na watoto wao wakala. Wewe peke yako ndiye uliyeona! Nilifungiwa msimu mzima. Unajua nilikopa kwa nani?”

“Sikukuuza, mama. Niliulizwa.”

“Ungeniambia mimi kwanza!”

“Nilikuambia. Nilikuambia mara mbili, mama. Ukasema tumalize mzigo.”

Emilia aliinamisha kichwa. Mzee Abdulwahab anasema alitamani kuondoka, maana ilikuwa kama kuingia chumbani kwa watu. Nasra, ambaye kazi yake imemzoesha machozi, alimsogezea maji lakini hayakunywewa.

“Nilijua,” Emilia alisema hatimaye. “Kila nikimwona Obedi barabarani najua. Ndiyo maana sikutaka kukuona na wewe.”

Nasra alimweleza taratibu kilichokuwa mbele yao. Kama maneno yangeendelea, Penina angekwenda mahakamani na shahidi angesimama. Kama yangefutwa, Penina ndiye angeamua kama yaishie hapo.

Penina aliulizwa anataka nini. Gerson alikuwa amemwambia tangu nyumbani asikubali bila fidia, na Nasra anasema alikuwa na haki ya kuidai. Penina alisema anataka vitu viwili, cheti chake cha utumishi, na neno wizi litolewe na mdomo ule ule uliolitia.

“Mchochezi je?” Nasra alimuuliza.

“Hilo aliache,” alijibu. “Kama kusema kifuniko kirudi ni uchochezi, basi hilo ni langu.”

Emilia alitoa simu yake. Aliwapigia wenye viwanda watatu, mmoja baada ya mwingine, sauti ikisikika mezani. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale, kwamba Penina hajamwibia, kwamba alisema vile akiwa na hasira, na kwamba hajapata fundi kama yeye. Wa kwanza alishukuru. Wa pili alikata kabla hajamaliza. Wa tatu aliuliza, “Kwa hiyo nimchukue?” Emilia akamjibu, “Umechelewa, kaka. Kuna mtu wa Chemba amekaa hapa.”

Mzee Abdulwahab alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza Penina kusikia kwamba ameajiriwa.

Cheti kilifika wiki iliyofuata, kikiwa na sahihi ya Emilia na mhuri wa kiwanda.

Haya hayakurudisha kila kitu. Kikundi cha akina mama kimekwisha kuchagua mhazini mwingine, na hakuna aliyemwomba Penina radhi. Kuna mwenye kiwanda mmoja Kongwa ambaye bado, akisikia jina lake, anasema yule ni wa kuangaliwa. Na Penina na Emilia hawajarudi kuwa mama na mwana. Walikutana msibani mwezi uliopita, wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, kila mmoja akaenda kukaa upande wake.

“Namkumbuka,” Penina anakiri. “Wakati mwingine mashine ikigoma nataka kumpigia nimuulize. Bado sijampigia.”

Nasra anasema watu wengine wangechukua njia ya mahakama, na hawangekosea. “Mimi huwaeleza njia zote. Kuchagua si kazi yangu. Ninachowaomba ni wasikae kimya mpaka muda upite, na wanapoacha kazi waombe cheti siku hiyo hiyo. Wengi wanakuja hapa wakiwa wamekwisha kuchelewa.”

Chemba, jua limepanda na beseni la tatu linakaribia kujaa. Mkulima mzee wa asubuhi amekwisha kupata mafuta yake na sasa anabishana na wafugaji juu ya mashudu. Penina anazima mashine ili ipoe, anakaa kwenye ngazi ya mlango, na simu yake inaita.

Anasikiliza. Ni mwenye kiwanda kimoja cha Kondoa. Anamuulizia Elisha, kijana aliyekuwa msaidizi hapa akaondoka miezi miwili iliyopita, wakiwa wamekosana vibaya na Penina.

Penina anatazama barabarani hadi mtu wa upande wa pili anasema “haloo?”

“Nipo,” anajibu. “Elisha alikuwa anachelewa kuja kazini. Nilimwambia, hakubadilika, ndiyo maana tulikosana. Hilo ni kweli na yeye analijua. Lakini hajachukua kitu cha mtu, na akishafika anafanya kazi. Mwite, kaa naye, mwone mwenyewe.”

Anakata simu, anaishika mkononi. “Unaona ilivyo rahisi?” anasema. “Bado nina hasira naye. Ningeweza kusema chochote, na asingejua kamwe.”

Mwakani, Mungu akipenda, Penina anatarajia kwenda kupimwa ujuzi kwenye chuo cha ufundi stadi, ili apate cheti cha fundi kinachotokana na mikono yake na si na maoni ya bosi. Mzee Abdulwahab ameahidi kumpa ruhusa. Baada ya hapo yeye na Gerson wanataka kununua mashine yao wenyewe, hata iliyotumika, na kuifunga kijijini kwao ambako wakulima bado wanabeba alizeti hadi Kibaigwa.

“Nikiipata, kitu cha kwanza kununua ni kifuniko cha mkanda,” anasema, akiinuka kurudi ndani. “Na mtu yeyote atakayeondoka kwangu ataondoka na cheti chake mkononi siku hiyo hiyo. Hata kama ameondoka ananitukana. Hata kama na mimi namtukana.”